Mbwa Aliyenyamaza Si Mbwa Aliyefunzwa

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka mitatu iliyopita baba alinipigia simu kutoka Tegeta akisema Tomi amemshinda. Tomi ni mbwa wetu, dume, na wakati huo alikuwa na miaka sita. Hakuwa mkali, ila adabu hana. Mgeni akiingia anarukiwa na miguu ya matope. Bodaboda ikipita nje anajitupa kwenye geti mpaka bati linalia mtaa mzima. Na ukimfunga kamba kumtoa matembezi, yeye ndiye anayekutembeza wewe. Baba akauliza, "Sasa mwanangu, si wewe unayesoma mambo ya wanyama huko chuoni? Tumtafutie mwalimu wa namna gani?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, maana nilikuwa nimeangalia vipindi vya Cesar Millan tangu niko sekondari. Nikamwambia atafute mtu anayejua kumwonyesha mbwa nani mkubwa. Mtu akapatikana. Alikuja na mnyororo wa kukaba shingo, akafanya kazi siku mbili, na jioni ya siku ya pili Tomi alikuwa amejibanza ukutani, kimya, mkia kaubana chini ya tumbo. Majirani walikuja kushangaa. Baba alilipa na hela ya soda akaongezea.

Wiki ya tatu Tomi alimng'ata mkononi mpwa wangu wa miaka saba. Dada yangu alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale, na jambo alilolirudia kwetu sote siku ile ni moja: "Hakunguruma. Hata hakunguruma jamani."

Makala hii ni uhakiki wa kipindi kilichonipa ushauri ule, yaani *Dog Whisperer*. Najua ni cha zamani. Lakini vipande vyake bado vinazunguka kwenye simu zetu kila siku, na ukizungumza na watu wanaotafuta mwalimu wa mbwa hapa mjini, wengi wanamtafuta Cesar Millan wa kwao bila kujua.

Kipindi chenyewe

*Dog Whisperer* kilianza kuonyeshwa mwaka 2004 kwenye chaneli ya National Geographic na kikaisha mwaka 2012. Millan alizaliwa Mexico na akaingia Marekani akiwa kijana. Hakusomea sayansi ya tabia za wanyama darasani. Alichojua alikipata kwa kuishi na mbwa, na hilo peke yake si dhambi, maana mafundi wetu wengi wazuri hawana cheti.

Kila sehemu ya kipindi inakwenda hivi: kuna familia imeshindwa, kuna mbwa anayetisha, halafu Millan anaingia. Anaivuta kamba kwa ghafla, au anamdona mbwa shingoni kwa vidole alivyovikunja kama mdomo unaouma, mara nyingine anamlaza ubavu na kumshikilia chini. Mbwa anatulia. Familia inafuta machozi. Maelezo yake ni kwamba mbwa ni mnyama wa kundi, kila kundi lina kiongozi, na binadamu asipoushika uongozi mbwa ataushika yeye. Mimi naita nadharia hii nadharia ya ubabe.

Kwa mtazamaji kuna ushahidi mmoja tu wa kupima kama imefanya kazi: mbwa alikuwa anabweka, sasa habweki. Ubora wa mwalimu unapimwa kwa ukimya wa mbwa. Tatizo langu kubwa na kipindi hiki liko hapo, na kuna kipande kimoja kinachoonyesha tatizo hilo kuliko maelezo yoyote.

Kumwangalia Holly bila sauti

Ni kipande cha mwaka 2012. Holly ni Labrador jike mwenye rangi ya manjano hafifu ambaye hataki mtu asogelee bakuli lake la chakula. Millan anasogea. Holly anakenua meno. Millan anampiga shingoni kwa mkono, Holly anarusha mdomo, Millan anazidi kumfuata. Chakula sasa kimebaki nyuma lakini mtu bado anamjia. Holly anarudi nyuma, anajishusha, anatulia. Kwa lugha ya kipindi, hapo kazi imekwisha, mbwa amekubali. Millan anaunyoosha mkono karibu na uso wake. Holly anauma, na anauma sawasawa, mpaka damu inatoka. Baada ya hapo Millan anasema hakulitarajia lile.

Nakuomba msomaji ukitafute hicho kipande, uzime sauti, halafu usimwangalie mtu, mwangalie mbwa. Utamwona akigeuza uso pembeni. Utamwona akilamba midomo na hakuna chakula mdomoni. Mwili umekakamaa. Wanaosoma tabia za mbwa wanazijua ishara hizi vizuri: ni mnyama aliye kwenye shinikizo anayeomba nafasi. Holly alitoa taarifa mara nyingi kabla ya kuuma, kwa lugha yake ya kawaida. Mtu pekee uwanjani aliyeletwa kama mtaalamu wa lugha hiyo aliisoma kinyume, akaona utulivu mahali penye hofu.

Simcheki kwa kuumwa. Kila anayefanya kazi na wanyama ataumwa siku moja. Ninachosema ni kwamba nadharia yake haikumpa njia ya kutofautisha mbwa aliyetulia na mbwa aliyeganda. Kama aliyeileta nadharia hawezi kutofautisha, baba yangu angewezaje?

Ubabe ulitoka wapi

Hadithi ya "kiongozi wa kundi" ina historia yake, na inaanzia kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Huko Rudolf Schenkel alichunguza mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja (si hawa mbwa mwitu wetu wenye mabaka), na mwaka 1947 akachapisha alichokiona: kugombana, kushindania nafasi, wengine wakiwa juu na wengine chini. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech aliandika kitabu kikubwa, *The Wolf*, kilicholieneza wazo hilo. Kutoka hapo likaruka hadi kwa mbwa wa nyumbani. Kitabu cha watawa wa New Skete cha mwaka 1978, kilichosomwa sana Marekani, kiliwafundisha watu kumpindua mbwa chali kama adhabu.

Kasoro ilikuwa kwenye banda. Wale wa Basel walikuwa wanyama waliokusanywa na binadamu na kufungiwa pasipo mahali pa kukimbilia. Chukua watu wasiojuana, wafungie chumba kimoja, halafu andika kitabu kiitwe "Familia". Mech mwenyewe alikwenda kukaa na mbwa mwitu wa porini kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, majira ya joto mwaka baada ya mwaka kuanzia 1986. Alichokikuta ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akaandika kwamba kumwita mzazi "alfa" hakuongezi maana yoyote. Halafu akamwomba mchapishaji aache kukichapisha kitabu chake cha 1970, jambo ambalo wanasayansi wachache wana ubavu wa kulifanya.

Na hata kama mbwa mwitu wangekuwa wababe kweli, Tomi si mbwa mwitu. Ukoo wake umeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Na wala hafikirii kwamba mimi ni mbwa.

Vipimo vinasemaje

Tuziache hadithi, twende kwenye takwimu. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wamiliki 140 waliowaleta mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Waliwauliza ni mbinu zipi walishajaribu nyumbani na mbwa alijibuje. Miongoni mwa waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kwa waliompindua chali na kumshikilia, asilimia 31. Kwa waliomkazia macho tu, asilimia 30. Tusidanganyane: hayo ni majibu ya watu kuhusu mbwa ambao tayari walikuwa na shida, kwa hiyo huwezi kuyabebesha mbwa wote duniani. Lakini mbwa mwenye shida ndiye hasa anayetafutiwa mwalimu.

Mwaka 2020 Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake kule Porto, Ureno, waliwafuata mbwa 92 kutoka shule 7 za mafunzo. Baadhi ya shule zilitumia zawadi, nyingine zilichanganya, nyingine ziliegemea adhabu. Mbwa wa shule za adhabu walionyesha ishara nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, na kotisoli kwenye mate yao, homoni inayopanda mwili ukiwa kwenye shinikizo, ilipanda zaidi baada ya somo. Kisha likaja jaribio ninalolipenda mimi. Mbwa anafundishwa kwamba bakuli likiwa upande mmoja lina soseji, likiwa upande wa pili ni tupu. Baadaye bakuli linawekwa katikati. Anayekwenda mbio anatarajia mema, anayejikokota anatarajia mabaya. Mbwa waliofunzwa kwa adhabu nyingi walijikokota. Ina maana mafunzo yale yalitoka nao nje ya uwanja wa mafunzo. Hapa pia kuna tahadhari: wamiliki walijichagulia shule wenyewe, hawakupangiwa kwa bahati nasibu.

Hapo mtu atasema, "Sawa, adhabu inaumiza, lakini si inafanya kazi?" Swali hilo lina jibu kutoka Uingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln walichukua mbwa 63 wasiorudi wakiitwa, wengi wao wakikimbiza mifugo. Waligawanywa makundi 3: kola ya umeme mikononi mwa wakufunzi wanaoijua, wakufunzi hao hao bila umeme, na wakufunzi wa zawadi. Ripoti ya 2014 haikuona faida ya kola. Uchambuzi wa 2020 wa mbwa hao hao ulionyesha kwamba kundi la zawadi lilitii haraka zaidi na kwa kuitwa mara chache zaidi. Kumbuka hao walikuwa mbwa wenye kosa zito. Kukimbiza kondoo wa watu si sawa na kumrukia shangazi.

Sasa turudi kwa Tomi. Mnyororo ulimfundisha nini? Kwanza, watu wakija shingo inauma. Pili, akinguruma shingo inauma zaidi. Kwa hiyo aliacha kunguruma, lakini kilichomfanya angurume hakikuondoka. Ni sawa na mtu aliyesumbuliwa na king'ora cha moto, akakata waya, akarudi kulala.

Tumpe haki yake

Millan alisema mambo ya maana pia. Alisisitiza mbwa atembezwe, na ni kweli kwamba baadhi ya vurugu za mbwa wa mjini ni nguvu zisizo na pa kwenda. Alirudia kwamba mara nyingi anayehitaji kufundishwa ni mwenye mbwa. Alichukua mbwa ambao wengine walikuwa wamekwisha kuwaandikia sindano ya mwisho, na Holly huyo huyo alikwenda kuishi kwenye kituo chake. Kipindi kiliweka hata onyo kwamba usijaribu mbinu hizi bila mtaalamu.

Lakini onyo haliwezi kushindana na picha. Mwaka 2006 shirika la American Humane Association liliiomba National Geographic isitishe kipindi. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko la kupinga kutumia nadharia ya ubabe kurekebisha mbwa. Kipindi kiliendelea hadi 2012. Na chaneli yenye jina la jumuiya ya kisayansi ndiyo iliyonifanya mimi, mwanafunzi wa sayansi, nisiulize ushahidi uko wapi. Hilo la mwisho ni kosa langu, sitamtupia Millan.

Basi umtafuteje mwalimu?

Kwanza, usikate tamaa kwa sababu mbwa ni mzima. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Mbwa si samaki. Huko Vienna, Lisa Wallis na wenzake waliwafundisha mbwa 95 aina ya Border Collie, wa miezi 5 hadi miaka 13, kuchagua picha kwenye kioo cha kugusa. Wazee walichukua muda mrefu zaidi kujifunza, lakini walijifunza. Kwenye swali la kung'amua jibu kwa kuondoa lisilowezekana, waliwashinda vijana. Na miezi 6 baadaye, wazee na vijana walikumbuka sawa.

Pili, kabla ya mwalimu nenda kwa daktari wa mifugo. Daniel Mills na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba, kwa makadirio ya chini, karibu theluthi moja ya kesi za tabia wanazopelekewa zina maumivu ndani yake. Mwalimu anayemchukua mbwa mzima aliyebadilika ghafla bila kuuliza amepimwa lini, mwache aende.

Tatu, usidanganywe na neno "mtaalamu". Ujerumani ilianza mwaka 2014 kudai kibali kwa anayefundisha mbwa kwa malipo, lakini Marekani na Uingereza zenyewe mtu yeyote anaweza kujipa cheo hicho kesho asubuhi. Kwa hiyo wewe ndiye msimamizi wa usaili. Mkufunzi wa Kimarekani Jean Donaldson anashauri maswali matatu, nami nayaweka kwa maneno yetu:

1. Mbwa wangu akipatia, utamfanya nini hasa?
2. Akikosea, utamfanya nini hasa?
3. Kuna njia nyepesi kuliko hiyo uliyonitajia?

Neno "hasa" ndilo lenye kazi. "Namrekebisha", "nampa nidhamu", "nampa nguvu ya uongozi" si majibu. Unataka kusikia kitu kinachoonekana kwa macho: nampa kipande cha nyama, nageuka nampa mgongo, navuta mnyororo. Aliyekuja kwetu Tegeta angejibu swali la pili kwa ukweli, nina hakika. Hatukumuuliza.

Nne, omba umwone akifanya kazi na mbwa mwingine, na macho yako yawe kwa mbwa. Mkia uko wapi? Anamfuata mwalimu kwa hiari au anakwepa? Kamba ikilegea anabaki au anatoroka?

Tano, jihadhari na anayekuahidi siku. "Wiki mbili tu nakurudishia mbwa mpya" ni ahadi ambayo mtu mwaminifu hawezi kuitoa kuhusu mnyama mwenye akili yake. Na kama mafunzo yote yanafanyika huko kwake bila wewe, mbwa atakuwa na adabu huko kwake.

Sita, na hili ni la kwetu zaidi: jiulize unataka mbwa gani. Walimu niliozungumza nao mimi, wengi wametokea kwenye kazi ya mbwa wa ulinzi. Wana ujuzi, lakini ujuzi wa kumnoa mbwa akamate mwizi si ule wa kumtuliza mbwa mbele ya wageni. Nasi wenyewe tunachanganya mambo. Tunamfungia mbwa bandani mchana kutwa, tunamfungulia usiku awe mkali, halafu Jumapili tunashangaa kwa nini hamwelewi mjomba aliyekuja na tikiti.

Na mbwa akimng'ata mtu kabla hujampata huyo mwalimu: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kina chanjo, lakini dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Tomi alikuwa amechanjwa na kadi tulikuwa nayo. Bado tulimpeleka mtoto, na sitasahau safari ile.

Tomi leo

Daktari alimkuta na maambukizi ya sikio ya muda mrefu. Mpwa wangu alikuwa akimbembeleza masikio. Mwalimu wa pili tuliyempata ni dada mmoja aliyejibu maswali matatu bila kigugumizi, akatuambia tununue dagaa na tuwe na subira. Baada ya miezi mitano, geti likigongwa Tomi anakwenda kukaa kwenye gunia lake na kusubiri dagaa wake. Bodaboda bado zinamshinda. Watoto wakija tunamfungia nyuma, na hilo halitabadilika.

Mpwa wangu bado anavuka barabara akiona mbwa, hata awe mdogo kama paka.

Mwezi uliopita baba alikuwa akimsafisha sikio, na Tomi akanguruma, kidogo, koo tu. Baba akaweka pamba chini, akamwachia apumue, halafu akampigia simu dada yangu kumwambia kwamba mbwa amenguruma.